Mtani wa Mzee Kibwana

Miezi minne iliyopita tulimzika jirani yetu Noreen, mjane wa Kiairishi aliyekaa nyumba ya mkono wa kushoto tangu kabla binti yangu hajanileta hapa Doonside, kitongoji cha Sydney. Siku moja kabla ya mazishi, jeneza lake lilikuwa sebuleni kwake, limefunguliwa, na watu wamelizunguka wanakunywa chai. Mimi na binti yangu tulikaa karibu na mlango, kanga begani, tukingoja kilio kianze. Badala ya kilio akasimama mzee mmoja, Desmond, aliyekulia mtaa mmoja na Noreen kule kwao Ayalandi. Akamtazama marehemu usoni, akasema, "Siku mbili sasa hujatia neno. Tangu nikujue haijawahi kutokea."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mtoto wa Noreen alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kilipoisha machozi yakaendelea.

"Mama, hawa watu vipi?" binti yangu akaninong'oneza. "Wanamcheka maiti!"

Chumba cha nyuma kulikuwa na mtu anapiga pasi shati la mjukuu la kuvaa kanisani, na harufu ya chuma cha moto juu ya kitambaa kibichi ilikuwa imenifikia pamoja na kile kicheko. Viwili hivyo, pasi na kicheko cha msibani, sikuwa nimekutana navyo pamoja tangu nikiwa na miaka minane. Niliinamisha kichwa. Watu walidhani nasali.

Noreen alikuwa akinisimulia mara nyingi juu ya mtaa wao: nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa unamsikia, mlango haufungwi, na mtu akifa majirani wanaingia jikoni bila kuulizwa na kuishika nyumba. Nilimwambia, "Na kwetu vilevile." Nilimweleza habari za bomba letu moja na vyakula vilivyokuwa vikivuka uchochoro. Sikumweleza habari za Bi Kalunde. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote, isipokuwa mapadre.

Mtaa wetu ulikuwa Morogoro, nyuma ya karakana ya reli, mahali ambapo asubuhi milima ya Uluguru hufunikwa na wingu mpaka jua likaze. Baba alikuwa Mtaita, karani wa reli, amehamishwa kutoka Voi. Tulikuwa wageni pale. Mama alijifunza majina ya watu upesi, lakini mambo ya mji hakuna aliyemfundisha, maana kila mmoja alidhani ni mambo ambayo mtu huzaliwa anayajua.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Mzee Kibwana, Mzaramo, fundi cherehani, mtu mrefu mwenye kikohozi, na mkewe Bi Mwanahawa. Ng'ambo ya uchochoro, mlango ukitazamana na wao, alikaa Bi Kalunde, Mnyamwezi, dobi. Mumewe alikuwa amekufa. Wanawe wakubwa walikuwa kwa bibi yao Tabora, na yeye alibaki na mtoto mchanga, Nyamizi, ambaye karibu kila nilipomwona alikuwa mgongoni kwa mama yake amelala. Mimi nilipenda kukaa chini ya meza yake ya kupigia pasi. Pale kulikuwa na joto, harufu ya wanga wa muhogo na mkaa, na kila alipochovya vidole kunyunyizia nguo alinirushia na mimi matone usoni, kisha akajifanya hakufanya kitu.

Kila siku, kabla hajawasha pasi, Bi Kalunde alisimama mlangoni na kuanza.

"Kibwana! Bado unapumua? Nilishakunyooshea sanda, sasa itakunjamana bure!"

"Ivae wewe, mbeba mizigo!" Mzee Kibwana alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Babu zako walifika pwani na pembe za tembo kichwani. Angalia lilivyobaki bapa hilo jichwa lako."

"Afadhali bapa. Nyie Wazaramo kazi ikija mnaumwa, ngoma ikilia mnapona!"

Mama alikuwa akisikia haya akinawa mikono bombani, na alirudi ndani akitikisa kichwa. "Watu hawa watauana siku moja," alimwambia baba. Baba alisema tusiingilie. Basi mimi nikakua nikijua kwamba Bi Kalunde na Mzee Kibwana ni maadui, na nikastaajabu kwamba adui mmoja akiugua, adui mwingine ndiye humpelekea uji.

Msomaji wa rika langu amekwisha kuelewa. Walikuwa watani. Mnyamwezi na Mzaramo hawawezi kukosana kwa maneno, na msiba wa mmoja ni kazi ya mwingine. Sisi hatukujua hivyo, na mimi ndiye niliyelipia kutokujua kwetu, kwa mali isiyokuwa yangu.

Mzee Kibwana alifariki alfajiri. Wanaume walikuwa uani wakimwosha, wanawake wamejaa sebuleni kwenye mikeka, na Bi Mwanahawa katikati yao amekauka kama mti. Hakuwa amelia, hakuwa amesema neno, hata maji alikuwa amekataa. Mama alinituma chumbani nikalete beseni. Nilipokuwa nainama kulichukua chini ya kitanda, Bi Kalunde aliingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye misumari iliyokuwa ukutani, akatoa koti la kaki la Mzee Kibwana akalivaa, akachukua kofia yake ya kiua akaitia kichwani, akashika fimbo yake. Aliponiona akanikonyeza. Kisha akatoka.

Nilisikia kikohozi cha Mzee Kibwana sebuleni. Nywele zilinisimama.

"Nani kawaruhusu mkalie mikeka yangu?" sauti ilisema. "Mwanahawa! Uji wangu uko wapi? Mnanizika sijashiba!"

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Ndani ya kicheko hicho nikasikia sauti ya Bi Mwanahawa, kwanza ikicheka, kisha ikigeuka kilio kirefu kilichoonekana kumtoka tumboni. Mwanamke mmoja akasema, "Alhamdulillahi, amelia."

Mimi nilikuwa bado chumbani, na beseni mkononi. Akili ya mtoto hupanga mambo kwa namna yake. Niliwaza hivi: Bi Kalunde amechukua vitu vya marehemu mbele ya watu wote, na watu wamefurahi. Kumbe leo ni siku ya kuchukua. Kwenye msumari uliofuata ilikuwa imening'inia tasbihi yake, punje nyeusi zilizong'arishwa na vidole, yenye harufu ya udi. Nilikuwa katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Wasichana wenzangu wote walikuwa na rozari, na mimi nilikuwa naazima. Niliitazama ile tasbihi nikaona ni rozari iliyodondoka msalaba wake, na nikamhurumia Mzee Kibwana kwa kuwa hakupata wa kumtengenezea. Nikaitia ndani ya gauni. Ninaapa sikuwa na hofu. Nilitoka na beseni langu kama mtu aliyetumwa viwili akaleta vyote.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, Bi Mwanahawa aliitafuta tasbihi. Baba yake Mzee Kibwana alikuja nayo kutoka Maka, na sasa ilikuwa apewe mwana wa marehemu, kijana aliyelelewa kwa shangazi yake Dar es Salaam. Haikuonekana. Habari ikafika bombani, na mama akarudi nyumbani na ndoo nusu.

"Wewe uliingia chumba kile," aliniambia. "Ulimwona nani humo?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba haikuwa siku ya kuchukua. Niliijua kwenye uso wake. Jibu lilikuja lenyewe, rahisi, tena nusu yake kweli.

"Bi Kalunde."

"Alifanya nini?"

"Alichukua vitu ukutani."

"Na tasbihi?"

Nilifikiri: koti amelichukua, kofia ameichukua. Mtu aliyekwisha kuiba viwili, cha tatu hakitamwongezea uzito. Nikasema, "Ndiyo."

Mama hakuwahi kupendezwa na yale maigizo ya msibani. Aliyaona ni kumdhihaki Mungu. Alinishika mkono akanipeleka, na neno langu likafika kwa Bi Mwanahawa likiwa bado na joto. Yeye alikuwa katika eda, hatoki, hivyo akatuma mtu amwite Bi Kalunde.

Bi Kalunde alikuja amevaa lile koti. Alijua kwamba ameitwa na mjane wa mtani wake, na mtani huitwa kwa jambo moja tu. Alianza kuigiza kikohozi tangu mlangoni.

"Kalunde," Bi Mwanahawa alisema, "tasbihi ya mume wangu iko wapi?"

"Nimeimeza! Mwaka mzima nilikuwa natafuta dawa ya minyoo."

Hakuna aliyecheka. Yeye aliona ni ustadi wao wa kujizuia, akapandisha.

"Nakuuliza tena, Kalunde."

"Nimempelekea mwenyewe. Kaniletea salamu, anasema huko aliko anahesabiwa dhambi na punje hazitoshi, tumwongezee ya pili!"

Yule kijana wa Dar es Salaam akasimama. "Mmesikia? Amekiri mbele yenu wote."

Nikamwona Bi Kalunde akiutafuta mzaha kwenye nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta mlango. Nadhani alikuwa hajawahi kuingia chumba kilichojaa majirani akakosa hata mmoja wa kumtania. Kikohozi kikamwisha. Akasimama sawasawa.

"Nani kasema?"

Mama akanisogeza mbele. "Mtoto alikuona."

Bi Kalunde aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Koti lilikuwa kubwa kwake, mikono imemfunika vidole. "Uliniona, mwanangu?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli, kana kwamba huenda mimi nilikumbuka jambo lililompita yeye.

"Ndiyo," nikasema.

Alivua koti. Alilikunja pale pale, kwa namna ya madobi, mikono nyuma, kola juu, akalipapasa kulinyoosha na kuliweka mkekani, na kofia juu yake. "Haya," alisema, "twendeni mkatafute kwangu." Wakaenda. Walipekua hata jivu la pasi. Hawakupata kitu, na kutopata kukawa ushahidi kwamba ameificha vizuri.

Hakupigwa wala hakupelekwa kokote. Mtaa ulinyamaza tu. Asubuhi alifungua mlango wake, na ng'ambo hakukuwa na cherehani wala mtu wa kumwita mbeba mizigo. Nguo zikapungua mezani. Bombani wanawake walimpisha achote kwanza, kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. Siku ya arobaini, siku ambayo mtani ndiye huifagia nyumba na kuwaondolea wenyewe huzuni, hakualikwa. Mimi nilikuwa sikai tena chini ya meza yake. Nilijisingizia masomo ya dini.

Tasbihi ilikuwa ndani ya mto wangu, katikati ya usufi. Kila nilipolaza kichwa ilinigusa sikioni.

Kabla eda ya Bi Mwanahawa haijaisha, Bi Kalunde alifunga mizigo akarudi kwao Tabora. Wiki ile ile ilikuwa zamu yetu ya kuungama kwa mara ya kwanza. Nilimwambia padre kwamba niliiba kitu cha jirani. Akaniambia, kwa upole, nirudishe nilichochukua. Habari za neno nililosema sikumpa. Sikuwa nimelisahau. Niliona aibu ya dhambi mbili kwa mtu mmoja mdogo.

Nikarudisha. Na jinsi nilivyorudisha ndiyo sehemu inayonitafuna zaidi, kwa kuwa safari hii sikuwa mjinga. Ningeweza kuiweka mlangoni kwa Bi Mwanahawa, lakini mtu angeweza kuniona. Basi niliiweka mahali ambapo hakuna angeniuliza: kwenye dirisha la nyumba tupu ya Bi Kalunde, lililotazamana na baraza ya mjane. Kesho yake aliiona kutoka mlangoni kwake, akatuma mtu amletee. Aliishika, akaibusu, akalia, akasema, "Amenirudishia mtani wangu kabla hajaondoka. Mungu amsamehe."

Mama akasema, "Mimi nilisema."

Jumapili iliyofuata nilipokea Komunyo, nikiwa na rozari mpya aliyoninunulia baba.

Mungu amenipa maisha marefu na mema, nami namshukuru. Nimezaa, nimelea, nimekuwa katekista miaka mingi, kule nyumbani na hapa Sydney. Nimewafundisha watoto wa watu amri ya saba na ya nane. Hiyo ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo, na kila nilipofika kwenye neno lile "jirani" nilipunguza sauti, mpaka mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini. Nimeungama jambo hili kwa mapadre wasiopungua watano, nami naamini nimesamehewa. Lakini msamaha ule ulinishughulikia mimi. Jina la Bi Kalunde lilibaki pale lilipoachwa, dirishani. Bi Mwanahawa alifariki kabla sijapata ujasiri.

Siku ile tulipotoka kwa Noreen, binti yangu aliniuliza tena kuhusu kicheko. Nikaanza kumweleza utani, na kabla sijajua nilikuwa nimemweleza yote. Yeye ni muuguzi, hana mazoea ya kushangaa. Alisubiri nimalize, akasema, "Sasa mama, watoto wake wako wapi?"

Katika misa yetu ya Kiswahili huko Lidcombe yupo mama mmoja wa Tabora. Nilimpa majina mawili, Kalunde na Nyamizi, na kazi ya udobi. Akauliza kwao, wakauliza wengine. Baada ya wiki kadhaa alinipa namba ya simu.

Nyamizi sasa ni bibi, mwalimu mstaafu. Alinisikiliza bila kunikatiza, nikasikia jogoo wa kwao akiwika. 

"Mama alikuwa akisema aliipoteza yeye," alisema nilipomaliza. "Aliamini ilinasa kwenye koti alipolivuta, ikadondoka njiani. Mpaka anakufa alisema, 'Nilizidisha utani, nikapoteza kitu cha dini cha watu.' Watani wakija msibani kwetu alijifungia chumbani. Sisi tulidhani mama yetu hapendi kucheka tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka yote kukutana na hasira ya mtu aliyesingiziwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hili, kwamba alinisadiki. Aliuchukua uongo wangu akautafutia njia ya kuwa kweli, kwa sababu mtoto hawezi kusema ameona asichokiona.

"Mama," Nyamizi aliniambia, "naomba uyaseme haya kwa sauti, unitumie. Nikiwaambia kaka zangu mimi, hawatasadiki."

Nikakaa mezani jikoni hapa Doonside, simu mbele yangu. Nilitaja jina langu kamili na la baba yangu na mtaa wetu. Nikasema kwamba tasbihi ya Mzee Kibwana niliiiba mimi, kwamba Bi Kalunde hakuigusa wala kuidondosha, na kwamba kuiweka dirishani kwake nilifanya makusudi. Mjukuu wangu alikuwa anakula nafaka zake na maziwa. Yeye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akaniuliza nani aliiba.

"Mimi," nikamwambia.

Akacheka, akadhani natania. Aliponitazama vizuri akaacha, akarudisha macho kwenye bakuli.

Siku tatu hapakuwa na jibu. Sikulala vizuri, wala sikuona kwamba nilistahili kulala vizuri. Siku ya nne Nyamizi aliandika. Alisema wamekusanyika nyumbani kwa kaka yake mkubwa wakasikiliza pamoja, na wajukuu, mara mbili. Hakusema kama wamenisamehe, nami sikuuliza. Alisema kaka yake, ambaye sasa haoni vizuri, ana swali moja. Yeye alikuwa Tabora mama yao alipowasili, lakini hakuwa Morogoro alipoondoka. Anataka kujua kama siku ile mama yao alilia, na kama kulikuwa na mtu wa kumsindikiza.

Nilibonyeza kitufe nikamjibu. Nilimwambia hakulia. Nilimwambia hakuna aliyemsindikiza, isipokuwa yeye alipita kwetu, na mizigo kichwani na Nyamizi mgongoni, akasimama mlangoni akaita jina langu, akangoja, akaita mara ya pili, akauambia mlango uliofungwa kwamba nikitoka nijue ameniaga. Mama alikuwa bombani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.